Milima ya Ukambani: Mgeni akija, mwenyeji hupona?

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kaunti za Makueni na Kitui, methali hiyo sasa inapimwa kwa mizani ya shilingi. Tangu janga la Covid-19 lilipowafungia watu majumbani mwaka 2020 na kuwafunza wakazi wa Nairobi thamani ya hewa safi, matembezi ya milimani yameota mizizi miongoni mwa wafanyakazi wa mijini. Mwisho wa juma unapowadia, vikundi vya wapandaji hukodi mabasi alfajiri, hupanda kilima, hupiga picha kileleni na kurejea mjini kabla giza halijatanda.

Milima ya Ukambani ni miongoni mwa ile inayofaidi, au inayoelekea kufaidi, kutokana na mtindo huo mpya. Hata hivyo, lipo swali ambalo ni jepesi kuuliza na zito kujibu: mgeni akishashuka na basi likishaondoka, mwenyeji aliyebaki chini ya mlima amepata nini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo vilima hivyo vitabaki na misitu yake katika miaka ijayo, au vitageuka kuwa mawe matupu yenye mandhari nzuri kwa mbali.

Kwa muda mrefu utalii wa Kenya umeegemea nguzo mbili: fuo za Pwani na mbuga za wanyama kama vile Maasai Mara na Amboseli. Mwaka 2024 nchi ilipokea takriban wageni milioni 2.4 kutoka ng'ambo, na wengi wao waliotoka Nairobi kuelekea Mombasa walipita katikati ya Makueni, kwa barabara au kwa reli, bila ya kujua wanapita wapi. Emali, Kibwezi na Mtito Andei kwao ni majina ya vituo vya kununua maji na matunda. Kitui, ambayo haiko kwenye njia kuu hiyo, haikupata hata bahati ya kupitwa.

Si kwamba hapana cha kuonyesha. Upande wa kusini wa Makueni inainuka Milima ya Chyulu, safu ya volkano changa ambayo kilele chake cha juu kabisa kina mita 2,188. Wataalamu wa miamba wanakadiria kwamba milipuko ya mwisho katika safu hiyo ilitokea katikati ya karne ya 19, jambo ambalo kwa umri wa dunia ni sawa na jana. Chini ya ardhi yake lipo pango la Leviathan, njia iliyochimbwa na uji wa moto wa volkano, ambalo urefu wake unakaribia kilomita 11 na huhesabiwa miongoni mwa mapango marefu zaidi ya aina hiyo duniani. Juu yake umetanda msitu wa ukungu, wenye miti iliyovikwa kuvu na ndevu za mwani, na asubuhi kukiwa kweupe mtu husimama hapo akautazama Mlima Kilimanjaro upande wa pili wa mpaka.

Kaskazini mwa kaunti hiyo kuna milima ya Mbooni na Kilungu, yenye baridi, mashamba ya matuta na vipande vya msitu wa asili vilivyosazwa vileleni. Mbooni inatajwa katika historia ya Wakamba kuwa ndiko jamii hiyo ilikoenea kuingia Kitui na kwingineko. Kati ya nyanda na milima kuna Nzaui, jabali ambalo simulizi za wazee hueleza kuwa Mulungu alimtoa hapo mwanamume na mwanamke wa kwanza, na nyayo zao zinasemekana kuonekana mwambani hadi leo.

Ng'ambo ya pili ya Mto Athi, Kitui ina vilima vya Museve, Mutuluni, Makongo, Mutito, Endau na Mumoni, ambavyo kila kimoja ni kisiwa cha kijani katikati ya nchi kame. Karibu na mji wa Kitui lipo Jabali la Nzambani, ambalo kwa miaka mingi limewavuta watalii wa ndani kwa masimulizi kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Na kati ya kaunti hizo mbili umejinyoosha Uwanda wa Yatta, mtiririko wa lava uliogandishwa, wenye urefu wa takriban kilomita 300, ambao ni miongoni mwa mirefu zaidi ulimwenguni.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba kazi ya kumwongoza mgeni milimani si ngeni kwa Wakamba. Katika karne ya 19, wao ndio waliokuwa wenye misafara ya pembe za ndovu baina ya bara na Mombasa. Mwaka 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara hiyo. Ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ndipo Krapf alipouona kwa mbali mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Jina hilo, kwa matamshi aliyoyaandika mgeni, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima.

Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika shambulio la njiani, akiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo kuelekea Mto Tana. Aliyeona mlima aliingia katika vitabu vya Ulaya. Aliyemfikisha mahali pa kuuonea, na aliyezijua njia, visima na hatari zake, hutajwa kwa nadra. Mtindo huo haujabadilika sana. Hadi leo, katika biashara ya matembezi ya milimani, anayeuza safari huko mjini hujulikana kwa jina na nembo, ilhali kijana anayetangulia njiani akikata miiba kwa panga huitwa tu "kijana wa hapa".

Mfano wa hesabu unaweza kulifafanua jambo hili. Ikichukuliwa kwamba basi limebeba watu 30, na kila mmoja amelipa Sh3,000 kwa ziara ya siku moja, pato la msafara ni Sh90,000. Wapandaji hao wakija na chakula na maji kutoka Nairobi, na wakawalipa vijana wawili Sh1,500 kila mmoja kwa kuwaonyesha njia, kijiji kitakuwa kimepata Sh3,000. Hiyo ni takriban asilimia tatu ya fedha zote. Taka zilizobaki kileleni, mmomonyoko wa njia na nyasi zilizokanyagwa ni mali ya kijiji asilimia mia kwa mia.

Msafara huo huo ungeweza kuwa na sura nyingine. Ukiwa na mwongozaji mmoja kwa kila watu sita, wangehitajika watano, nao wangelipwa Sh7,500. Chakula cha mchana kikipikwa na kikundi cha akina mama kwa Sh400 kwa kila mgeni, hizo ni Sh12,000. Ada ya Sh200 kwa kila anayepanda, ikiingia katika mfuko wa chama cha kuhifadhi msitu, ingeleta Sh6,000. Jumla ni Sh25,500, zaidi ya robo ya pato lote, na bei aliyolipa mgeni haijabadilika. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili haitokani na ukarimu. Inatokana na kuwapo au kutokuwapo kwa utaratibu.

Sheria, kwa hakika, imekwishatoa nafasi ya utaratibu huo. Katiba ya mwaka 2010, katika Ratiba ya Nne, iliupa ugatuzi jukumu la utalii wa ndani ya kaunti, huku sera ya kitaifa ya utalii na hifadhi za taifa zikibaki mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baadaye ile ya mwaka 2016, ziliruhusu wakazi wanaopakana na msitu kuunda vyama vyao na kuingia katika mkataba na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Miongoni mwa haki zinazoweza kutolewa katika mkataba kama huo ni shughuli za utalii na burudani msituni. Kwa maneno mengine, wakazi wa Mbooni au Makongo hawahitaji sheria mpya ili wawe wenye kumpokea mgeni na kumtoza ada. Wanahitaji chama kilicho hai, mkataba uliotiwa saini na hesabu zinazokaguliwa.

Tatizo hujitokeza pale mamlaka zinapogongana. Chyulu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983 na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Misitu mingi ya vilima ni ya KFS. Majabali na njia zinazopita mashambani ziko katika ardhi ya watu binafsi au ya kaunti. Leseni za waongozaji wa watalii hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Mwongozaji kijana kutoka Kibwezi anayetaka kuwatembeza wageni kutoka Umani hadi mteremko wa Chyulu anaweza kujikuta akihitaji idhini ya mlango zaidi ya mmoja. Wengi huona heri kufanya kazi bila cheti chochote, kwa malipo ya kuokoteza.

Ipo sababu nyingine, ya kina zaidi, ambayo haizungumzwi sana katika mikutano ya hadhara. Chyulu ina pande mbili, na historia ya ardhi imezifanya zisifanane. Upande wa magharibi, katika Kaunti ya Kajiado, Wamaasai walimiliki ardhi kwa pamoja katika ranchi za jamii kama Mbirikani na Kuku, zilizosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1968. Mwekezaji aliyetaka kujenga kambi ya kifahari alikuwa na watu wa kuketi nao, wenye hati moja na kamati moja. Matokeo yake ni kwamba kambi zinazojulikana kimataifa kwa jina la Chyulu ziko upande huo, na jamii hupata kodi ya ardhi, ajira na walinzi wa wanyama.

Upande wa mashariki, ambao ni Makueni, hali ilikuwa tofauti. Huko kuna vipande vidogo vya mashamba, skimu za makazi, msitu wa serikali na kumbukumbu chungu ya familia zilizotimuliwa katika miteremko ya Chyulu baada ya eneo hilo kufanywa hifadhi. Mkulima aliyevunjiwa boma lake kwa jina la uhifadhi hawezi kutarajiwa kuupenda msitu huo kwa sababu tu ya hotuba. Kwake, mpaka wa hifadhi umemletea vitu viwili: askari anayemkamata akikata mti, na ndovu anayevuka usiku kula mahindi yake.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilitenga fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama na hadi Sh3 milioni kwa aliyelemazwa. Lakini malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo hayo yamesikika katika kaunti nyingi zinazopakana na mbuga, Makueni na Kitui zikiwemo. Hapa ndipo matembezi ya kuongozwa yanapopata uzito wake kamili. Mwenyeji anayeupata msitu kama chanzo cha mshahara kila mwezi ana sababu ya kuulinda. Asiyepata chochote ana sababu ya kuchoma makaa.

Biashara ya makaa si jambo la kubuni. Mapema mwaka 2018, aliyekuwa Gavana wa Kitui, Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti yake, hatua iliyozua mvutano mkali baada ya lori la makaa kuteketezwa. Mwezi Februari mwaka huo huo serikali kuu ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Makueni nayo ilikuwa imepitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Hatua hizo zote zilikuwa na nia njema, lakini zilifanana kwa jambo moja: zilimwambia mwananchi asiuze nini, bila ya kumwonyesha kwa kiwango cha kutosha auze nini badala yake.

Kwa upande mwingine, biashara mpya ya hewa ya kaboni imeonyesha kwamba msitu uliosimama unaweza kuwa na bei. Mradi wa Chyulu, unaowaunganisha KWS, KFS, mashirika ya uhifadhi na jamii za Wamaasai, umekuwa ukiuza vyeti vya kaboni tangu mwaka 2017. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yaliweka wazi kwamba miradi ya kaboni inayotegemea ardhi itoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya gharama za uendeshaji. Kwa mpandaji mlima anayelipia ziara yake mjini, hakuna kiwango kama hicho. Kaunti mbili za Ukambani zina uwezo wa kuliziba pengo hilo kwa sheria ndogo, kila moja katika bunge lake, au kwa pamoja kupitia jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za Kusini Mashariki.

Mifano ya kuiga haiko mbali. Katika msitu wa Kakamega, vijana wa vijiji vya karibu wamekuwa wakiwaongoza wageni tangu miaka ya 1990, na ujuzi wao wa ndege na miti umewafanya watafutwe hata na watafiti. Pwani, katika ghuba ya Mida karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mpango ulioanzishwa mwaka 2001 uliunganisha ada ya wageni wanaotembea juu ya daraja la mbao katika mikoko na karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu. Mzazi katika kijiji hicho hahitaji kufafanuliwa faida ya mkoko. Ameiona katika risiti ya shule.

Mbali zaidi katika Bahari ya Hindi, kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa, kimejijengea jina si kwa fuo pekee bali kwa milima yake ya volkano na misitu ya mvua. Hifadhi yake ya taifa iliundwa mwaka 2007, na mwaka 2010 Shirika la UNESCO likaiingiza milima hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake kuna bonde la Mafate, ambalo halina barabara ya gari. Mgeni hufika kwa miguu au kwa helikopta, hulala katika nyumba ndogo za wenyeji na kula chakula chao. Ukosefu wa barabara, ambao kwingine ungehesabiwa kuwa ni kusahauliwa, umegeuka kuwa ndiyo bidhaa yenyewe, na wenye bidhaa ni wale wanaoishi bondeni.

Nchini Tanzania, tangu mwaka 1991 hakuna mgeni anayeruhusiwa kuupanda Mlima Kilimanjaro bila ya mwongozaji mwenye kibali. Uamuzi huo uliwaudhi baadhi ya wapandaji waliozoea kwenda peke yao, lakini ulizalisha maelfu ya ajira za waongozaji, wapishi na wapagazi katika miteremko ya mlima. Ni kweli kwamba Nzaui si Kilimanjaro, na kuiga kila kitu kungekuwa ni kuvaa kanzu ya mtu mwenye kimo kingine. Hata hivyo, msingi wa uamuzi ule unafaa: mlima ukiwa na mlango, mlangoni pakiwa na mwenyeji, fedha haziwezi kupita bila kusimama.

Suala la usalama nalo linahitaji mlango huo huo. Chyulu haina mito juu yake. Mvua yote hunyonywa na majivu ya volkano na kuibukia mbali, katika chemchemi kama Umani na Mzima. Mtu anayepotea huko anaweza kufa kwa kiu juu ya moja ya hazina kubwa za maji nchini. Kuna nyati na ndovu, kuna mawe ya lava yanayokata viatu, na kuna mapango ambayo asiyeyajua hapaswi kuyaingia. Katika vilima vya Kitui, nyoka ni hatari ya kila siku, na zahanati yenye dawa ya sumu yake huweza kuwa mbali. Katika maeneo ya Kitui Kusini na Mwingi, migogoro baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia imewahi kugharimu maisha. Mwongozaji wa kweli si yule anayejua njia ya kupanda peke yake, bali yule anayejua siku ya kutopanda.

Aidha, lipo jambo la heshima. Vilima vingi vya Ukambani vina mathembo, maeneo matakatifu ambako wazee walitoa sadaka na kuomba mvua. Mikuyu mikubwa iliyobaki katika maeneo hayo ilinusurika shoka kwa sababu ya uchaji huo, si kwa sababu ya amri ya serikali. Kikundi kinachowasha muziki wa kelele na kukaanga nyama katika eneo kama hilo kinaharibu kile ambacho hata mkoloni hakukigusa. Wazee wanapaswa kuwa na kauli kuhusu njia zipite wapi, na kauli hiyo iandikwe ndani ya mpango wa usimamizi, isiachwe iwe ombi la mdomo.

Miundombinu, ambayo zamani ilikuwa kisingizio, sasa si kizuizi kikubwa kama ilivyokuwa. Reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui imeziunganisha kaunti hizo mbili kwa namna ambayo haikuwahi kuwapo. Mgeni anaweza kushuka treni Kibwezi, akatembea Umani na Chyulu kwa siku mbili, akavuka Athi, akalala Mutomo, akapanda Nzambani na Museve, kisha akarudi Nairobi kupitia Machakos. Safari ya siku nne au tano kama hiyo huacha fedha nyingi zaidi kuliko ziara tano za siku moja, kwa kuwa anayelala ndiye anayekula, na anayekula ndiye anayenunua asali ya Kitui, maembe ya Makueni na vyondo vya akina mama.

Njia hiyo, hata hivyo, haijachorwa rasmi na upande wowote. Kila kaunti hupanga utalii wake kana kwamba Athi ni bahari. Mipango ya maendeleo imependelea vitu vinavyoweza kuzinduliwa kwa kukata utepe: ngazi za chuma, milango ya fahari, kumbi za mikutano. Mafunzo ya waongozaji 40 hayana utepe wa kukatwa, wala huduma ya kwanza, wala ukarabati wa njia baada ya mvua. Lakini bila hayo, ngazi ya chuma ni ngazi ya kupandia picha.

Ni muhimu pia matumaini yasipitishwe kiasi. Matembezi ya milimani hayawezi kuwa badala ya kilimo, maji na barabara za vijijini. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa Ukambani, huwaondoa wapandaji njiani wakati ule ule vijana wanapohitajika shambani. Vilima kama Mbooni na Museve ni vidogo, na misitu yake haiwezi kuhimili mamia ya watu kila Jumamosi. Ukomo wa idadi ya wageni kwa siku utalazimika kuwekwa mapema, kabla ya mapato kuwa matamu kiasi cha kumfanya kila mwenye kauli aogope kuutaja. Na vyama vya misitu, kama vilivyo vyama vya ushirika, vimewahi kugeuka mali ya watu wachache pale ambapo wanachama hawakuonyeshwa vitabu vya hesabu.

Mwezi Desemba mwaka 2022 serikali ya kitaifa ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Shule, makanisa na maafisa wa utawala wamehimizwa kuchimba mashimo. Katika kampeni kubwa namna hiyo ni rahisi kusahau kwamba mti ulio rahisi zaidi kuupata ni ule ambao haujakatwa. Katika vilima vya Makueni na Kitui, miti hiyo ingalipo, imeshikilia udongo na kunasa ukungu unaolisha chemchemi za chini. Sehemu ya maji yanayonywewa Mombasa husafiri kwa bomba kutoka Mzima, na Mzima hujazwa na mvua ya Chyulu.

Kwa hiyo si vibaya kusema kwamba mkulima wa Kibwezi anayeuacha msitu usimame anamnywesha mtu asiyemjua, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Kwa miongo mingi amefanya hivyo bila malipo, na mara nyingine kwa kulazimishwa. Wageni wanaoanza kupanda mlima wake kwa hiari na kwa fedha zao ni fursa ya kwanza ya kumlipa ambayo haihitaji mfadhili wa nje wala mkopo. Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wakazi wa Nzaui, Mbooni, Kibwezi, Mutito na Nzambani watakapoitwa tena, wana swali moja mahususi la kuwauliza magavana na madiwani wao: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya mwongozaji, na zitamfikia kupitia mkono wa nani?